Usilipie Calendly kwanza

Moshi, Soweto

Mama Ima,

Habari za huko Sakina? Sisi huku hatujambo, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika nguo. Ujumbe wako wa sauti nimeupata, ingawa nusu yake ni mngurumo wa bajaji. Nilichoambulia ni kwamba wageni wawili wamejikuta wamepangiwa saa ile ile kuzungumza nawe kuhusu safari ya mlima, na sasa unataka kulipia Calendly, ile programu ya kupangia miadi mtandaoni, ili yasijirudie.

Subiri kidogo, hela yako ina kazi nyingine. Kinachokuangusha ni kalenda zenyewe. Wewe una ya Google kwenye simu, Baba Ima ana Outlook, na zamu za waongozaji ziko kwenye daftari. Calendly kazi yake ni kuchungulia kalenda ulizoiunganishia, kuona saa zilizoshikwa, kisha kumwonyesha mgeni zilizobaki. Ya kwenye daftari haiyaoni, hata uilipie kiasi gani.

Halafu kuna mtego ambao nadhani ndio uliokunasa. Ukiandika kwenye kalenda ya Google tukio la siku nzima, tuseme “Machame, siku saba”, lenyewe huingia likiwa na alama kwamba bado una nafasi. Ndiyo, uko mlimani na wageni, lakini programu inakuhesabu kuwa umekaa tu ofisini unasubiri kupigiwa. Fungua kila safari uliyoiandika, ubadilishe hiyo alama iwe una shughuli. Outlook nayo ina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo mwambie Baba Ima akague za kwake. Fanya hivyo leo kabla hujagusa kingine chochote.

Kuhusu kuunganisha kalenda zenu: Baba Ima anaweza kukutumia linki ya kalenda yake ukaiona ndani ya Google. Ni rahisi na haina gharama, ila unaisoma tu, huwezi kuibadilisha, na Google huchukua saa nyingi kuchota mabadiliko. Akiandika kitu asubuhi, wewe unaweza kukiona usiku. Kwa likizo na sikukuu inafaa. Kwa miadi ya wageni haifai kabisa. Afadhali fungueni kalenda moja ya biashara ndani ya Google, nyote wawili mpewe ruhusa ya kuandika, na akaunti iwekwe kwenye simu zenu zote. Mtandao ukikatika mnaendelea kuandika; ukirudi, yanapanda yenyewe.

Mkishamaliza hapo, ndipo tuzungumzie ukurasa wa miadi. Google yenyewe inakupa mmoja bure kwa akaunti ya kawaida. Hauna mbwembwe, lakini mgeni anafungua linki, anachagua saa, na miadi inaingia kwenye kalenda yako. Calendly (iliyoanzishwa na Mnigeria, Tope Awotona, nalipenda hilo) ni laini zaidi kutumia na kurasa zake zinavutia, ila mpango wake wa bure unakupa aina moja tu ya miadi na kalenda moja ya kuunganisha. Ukitaka kutenganisha mazungumzo mafupi ya wageni wapya na maandalizi marefu ya wale walioshalipa, hapo ndipo utatoa hela. Na usidhani watakulipa arubuni humo kwa M-Pesa. Malipo yake hupitia Stripe na PayPal, huduma za kulipia mtandaoni. Doodle ni ya kundi linalopigia kura tarehe, muhimu pale wageni kumi wa familia moja wanapobishana. Cal.com, inayofanya kazi kama ya Calendly, inataka fundi ukitaka kuisimika kwenye seva yako mwenyewe, sikushauri.

Kitu kimoja ambacho hizi programu zote zinakuokoa nacho ni saa za Ulaya. Mjerumani wako akichagua saa 9:00 ya kwao, kwetu ni 10:00, yaani saa nne, wakati wa kiangazi chao. Baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba inakuwa 11:00. Programu inajigeuzia yenyewe, mradi umeiwekea saa za hapa. Kwenye kompyuta ya Windows chagua Nairobi, Dar es Salaam haimo kwenye orodha, ila saa ni ile ile.

Wateja wa hapa hapa Arusha na Moshi usiwasumbue na linki. Wao watakupigia, au watatuma WhatsApp “nije kesho saa nne?”, nawe utaandika mwenyewe. Ila uandike pale pale, Mama Ima, si ukifika nyumbani.

Ukiwa tayari nitumie linki nijipangie miadi kama mgeni kabla hujampa mteja. Nitachagua kwa makusudi siku ambayo uko Machame.

Msalimie mama, mwambie shikamoo yake iko palepale.

Wako,
Salome