Barua kwa mdogo wangu: mtoto hakunyamaza kwa ujinga

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Nimeacha kukupigia maana tukianza tu tunarudi palepale, siku ya hitma, na sauti zinapanda. Humu nitasema mpaka nimalize.

Ulimwita mpwao mbele ya wazee ukamuuliza: "Hiyo tivii unayoitazama kila jioni, haya, densiti ni nini?" Mtoto akainamia mkeka. Ukawageukia watu: "Mnaona? Katuni tu." Kumuuliza si kosa. Kumhukumu kwa swali lile, mbele ya kadamnasi, hilo halijanitoka moyoni.

Wewe unasomesha, unajua kuwa maana ya neno kama densiti, yaani uzito wa kitu kwa ukubwa wake, huja mwisho. Kipindi kizuri cha sayansi kwanza humwonesha mtoto jambo linavyokwenda. Ungempa bakuli na yai ungeona mengine. Chukua yai la leo au la jana, litie katika nusu lita ya maji ya mfereji: linazama. Muulize litafanyaje kwenye maji ya bahari, na usimsaidie. Wengi husema litaelea. Linazama vilevile, kwani lita moja ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi tu, na yai jipya bado ni zito kuliko maji hayo ya ukubwa sawa nalo. Sasa tia chumvi kwenye ile nusu lita, kijiko kimoja kimoja cha kulia, ukoroge mpaka iyeyuke. Ikifika vijiko 4 au 5 vya kujaa, yai linapanda. Chumvi ya mawe hii yetu ya Pemba inachelewa kuyeyuka; ukiharakisha, maji mazito yanakaa chini, yai linaning'inia katikati, na mtoto anadhani ameharibu yeye. Yai la siku nyingi liache kabisa. Ndani limepungua maji na hewa imezidi, linaweza kuelea hata kwenye maji matupu, na somo limekwisha hapo.

Ulilalamika pia kuwa anarudia kipindi kilekile. Na arudie! Kipindi cha watoto cha Blue's Clues kilipoanza Marekani mwaka 1996, kila sehemu ilioneshwa siku 5 mfululizo, na watafiti wakaona watoto wa miaka 3 hadi 5 wanazidi kufahamu na kuitikia maswali kila waliporudia. Mara ya kwanza akili yote huenda kwenye kufuata kisa.

Kasoro zipo, sikatai. Wa chini ya miaka 2 hujifunza kwa mtu aliye mbele yao kuliko kwenye kioo cha tivii. Hapo sibishani nawe. Na vipo vipindi ambavyo kisa kiko huku na sayansi iko kule. Shalom Fisch, mtafiti wa vipindi vya watoto, alilieleza hilo mwaka 2000: nafasi ya akili ni ndogo, hadithi na somo vinaigombania, na mtoto hubaki na hadithi. Kipimo changu ni hiki: kama kisa kinasimulika chote bila kuitaja sayansi, kipindi hicho hakifai. Ubongo Kids, kilichoanza Tanzania mwaka 2014, kinanipendeza kwa sababu watoto wa kisa hutumia hesabu na sayansi kutatua tatizo linalowakabili.

Halafu lazima mkubwa akae hapo. Asimamishe kabla jibu halijatoka, aulize "unadhani nini kitatokea?", asubiri. Mimi sikumwachia tivii inilelee mtoto. Dakika 25, inazimwa, tunaulizana. Maswali hayo uliyoyaita kelele ndiyo darasa lenyewe, na sitayaombea radhi kwa mtu. Nani mwengine alikaa naye?

Lakini ungali mjomba wake, na anakuulizia. Sasa yuko kwenye vipindi vya umeme. Ukipanda boti ya Wete mletee betri 2 kubwa za tochi, glopu ya kizamani ya volti 2.5, na waya kama mita moja. Ncha zichune sentimita 2. Usilete glopu ya LED: akigeuza betri haiwaki, na hatajua kama kosa ni la waya au la glopu. Gharama nitakurudishia.

Dada yako