Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: Wafiwa wa Israel na Palestina Wasiachwe Peke Yao

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki,

Ninakuandikia nikiwa mwalimu wa historia wa shule ya sekondari. Nchi yetu ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973, ikaitambua Palestina mwaka 1988, ikarejesha uhusiano na Israel mwaka 1995, na mwaka 2018 ikafungua ubalozi Tel Aviv, huku ubalozi wa Palestina ukiendelea na kazi zake Dar es Salaam. Tuna mlango wazi pande zote mbili. Ombi langu ni kwamba mlango huo utumike pia kuwafikia watu wasio na serikali ya kuwasemea, yaani Waisraeli na Wapalestina wanaofanya kazi ya amani kwa pamoja.

Wengi wao ni wafiwa. Rami Elhanan wa Jerusalem alimzika binti yake Smadar, aliyeuawa Septemba 1997 na washambuliaji wa kujitoa mhanga katika mtaa wa Ben Yehuda. Bassam Aramin ni Mpalestina aliyeingia jela ya Israel akiwa na miaka 17 na kukaa humo miaka saba. Januari 2007 binti yake Abir, mwenye miaka 10, alikuwa ametoka kununua peremende karibu na shule yake huko Anata, mji wa Kipalestina jirani na Jerusalem, alipopigwa risasi ya mpira kichwani na askari wa polisi wa mpakani wa Israel. Bassam husimulia kwamba askari mmoja alimuua mwanawe, na askari wa zamani mia moja wa jeshi hilohilo wakaja kujenga bustani kwa jina la Abir kwenye uwanja wa shule ile. Ninaposoma habari hiyo huwa nawaza mikono ya wanaume wale, iliyozoea bunduki, ikichimba udongo mahali watoto wanapochezea.

Wazee hawa wawili ni wanachama wa Parents Circle, umoja wa familia zilizofiwa ulioanzishwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi wamekuwa wakienda pamoja shuleni kuzungumza na vijana. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ya Israel iliufungia umoja huo milango ya shule. Hata ibada yao ya pamoja ya kumbukumbu, inayofanyika kila mwaka, ilihitaji amri ya Mahakama Kuu mwaka 2018 na 2019 ili Wapalestina waruhusiwe kuhudhuria.

Wapo wanaosema kwamba hizi ni ndoto za watu wema wasiojua ukatili wa dunia, na hoja hiyo huelekezwa mara nyingi kwa marehemu Vivian Silver. Mama huyo Mwisraeli aliishi Be'eri, kibbutz (kijiji cha ujamaa) karibu na Gaza, alikuwa miongoni mwa waasisi wa vuguvugu la wanawake Women Wage Peace, na alijitolea kuwaendesha wagonjwa kutoka mpaka wa Gaza hadi hospitali za Israel. Tarehe 4 Oktoba 2023 wanawake wa vuguvugu lake waliandamana pamoja na wenzao wa Kipalestina. Siku tatu baadaye Hamas walimuua nyumbani kwake. Mwanawe Yonatan aliitikia msiba huo kwa kuingia mwenyewe katika kazi ya amani. Siwezi kumwita mtu wa namna hiyo mjinga wa mambo, ilhali walioahidi usalama kwa silaha wametuachia makumi ya maelfu ya makaburi Gaza.

Lawama ya Wapalestina ina uzito zaidi. Wanauliza mazungumzo yanamsaidia nini mtu anayebomolewa nyumba Masafer Yatta, eneo la vijiji vya Wapalestina kusini mwa Hebron katika Ukingo wa Magharibi, ambako mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Israel iliruhusu jeshi kuwaondoa wakazi wapatao elfu moja ili ardhi yao iwe uwanja wa mazoezi ya kijeshi. Wana haki ya kuuliza. Mkutano wa chai na tabasamu usiotamka neno ukaliaji, yaani Israel kushikilia ardhi ya Wapalestina kijeshi, ni bure kabisa. Lakini Rami na Bassam hulitamka, tena mbele ya Waisraeli wasiopenda kulisikia, na wapo vijana wa Kiyahudi wanaolala katika vijiji hivyo vya Masafer Yatta ili wawe mashahidi walowezi wa Kiisraeli wanapovamia usiku.

Mheshimiwa, msiba huu ulifika hadi kwetu. Vijana wetu wawili waliokwenda Israel kujifunza kilimo waliuawa tarehe 7 Oktoba 2023. Darasani kwangu wanafunzi waligawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga, wengine wakiwalilia wa upande mmoja tu, nami sikuwa na sauti ya Serikali yangu ya kuwaonyesha inayowataja wanaolia pamoja.

Kwa hiyo ninaomba balozi wetu ahudhurie ibada ya pamoja ya kumbukumbu ijayo, na afike Masafer Yatta kama wanavyofika wanadiplomasia wa nchi nyingine. Ninaomba pia Wizara yako iwaalike wafiwa wawili, Mwisraeli na Mpalestina, waje wazungumze na wanafunzi wetu. Darasa langu liko tayari kuwapokea wiki yoyote ya muhula.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia,
Morogoro