Barua kwa binti yangu anayekwenda kufundisha Japani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mkataba nimeusoma: shule ya msingi ya serikali, Saitama, mwalimu msaidizi wa Kiingereza kuanzia Aprili. Habari za baridi watakueleza wengine. Mimi nakuandikia ya dini na ya shukrani, maana hayo ndiyo hupotea kimyakimya ugenini, na mara nyingi si kwa uchache wa imani bali kwa kukosa mpango.

Anza na saa. Hapa Mombasa magharibi haiendi mbali na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Huko, Desemba, jua huzama kama saa kumi na nusu. Adhuhuri huingia saa tano na dakika arobaini hivi, alasiri saa nane na robo. Basi sala mbili zitakukuta shuleni na ya tatu ukiwa mlangoni watoka. Juni alfajiri huingia kabla ya saa tisa usiku. Kibla uliyoizoea kaskazini, huko ni magharibi, ukipinda kidogo kaskazini, kama digrii 293 kutoka kaskazini halisi.

Wiki ya kwanza zungumza na makamu wa mwalimu mkuu, kwani ndiye anayeendesha mambo ya kila siku. Usimwambie tu kwamba wahitaji mahali pa kuswali. Asiyeijua sala hudhani ni saa nzima na nguo maalumu na pengine kelele. Mwambie chumba kitupu, dakika saba, mara mbili, na umpe saa zenyewe kwenye karatasi.

Udhu ndio unaowashinda wengi. Masinki yako kwenye korido, na watoto husukutulia hapo baada ya kula. Ukiinua mguu juu ya sinki ile utasemwa mwezi mzima, na kwa haki. Nunua khufu, yaani soksi za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu. Tia udhu kamili nyumbani, miguu uioshe, ndipo uzivae, na juu yake uvae viatu vya ndani vya shule. Udhu ukitenguka, kwa upande wa miguu wavua viatu tu na kupaka maji juu ya khufu. Muda wake kwa mkaazi ni mchana mmoja na usiku wake, ukihesabu tangu udhu ulipotenguka mara ya kwanza baada ya kuzivaa. Ukizivua katikati, ruhusa imekwisha, miguu ioshwe. Soksi nyembamba za pamba hazifai. Kichwani, kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, kupaka sehemu kunatosha: penyeza vidole chini ya mtandio.

Chakula cha mchana utakula darasani pamoja na watoto. Shule hutoa karatasi ya menyu ya mwezi; itafute mapema na uisome na mtu. Alama ya kuijua kwanza ni 豚, nguruwe. Usitegemee jedwali la mzio, kwani nyama ya nguruwe na jelatini si katika vitu ambavyo sheria yao inalazimisha kuandikwa. Siku ya karii ndiyo ya kuuliza zaidi: hata ikiwa ya kuku, mchuzi wa tayari mara nyingi una mafuta ya nguruwe. Siku hizo beba chakula chako, lakini keti palepale na ule nao. Ramadhani vilevile keti nao, na usimamishe malipo ya chakula mapema, kabla oda haijapelekwa.

Sasa tazama wale watoto. Walio zamu huvaa aproni nyeupe na kofia, hubeba masufuria, huwapakulia wenzao, na hakuna anayeonja mpaka wote wapate na waseme pamoja “itadakimasu”, neno lao la shukrani kabla ya kula. Hiyo si ibada, mamangu. Piga bismillahi yako, kisha sema nao. Wakati wa usafi nawe shika kitambaa ufute sakafu. Mwalimu anayesimama kando huonekana.

Wakubwa nao hushukuru mara mbili: siku ya kupewa, na tena mtakapokutana. Mwenzio akikupa machungwa Ijumaa ukanyamaza Jumatatu, ataona hukuyathamini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Huko utaifanyia kazi hadithi hiyo kila wiki. Ukitoka safari, peleka vitamutamu vya ofisi, kila kimoja na karatasi yake, vitoshe wote hadi mhudumu.

Darasani, vipindi ni dakika 45. Ukiuliza “nani anajua?” utapata kimya, wala si utovu wa adabu: wanaogopa kukosea mbele ya wenzao. Wape dakika moja wawili wawili, kisha uliza jozi, usimuulize mtoto mmoja.

Watakuuliza kuhusu mtandio. Jibu kwa sentensi mbili, kwamba ni mavazi ya dini yako na unayapenda, kisha rudi kwenye somo. Kifungu cha 20 cha katiba yao hakiruhusu dola kufundisha dini, na shule yako ni ya serikali.

Viatu vya ndani nunua Mombasa, pea mbili. Saizi 42 ya kike huko ni taabu kuipata.

Wasalaam,
Mama yako