Mhariri, operesheni ya kuongeza matiti haiishii chumba cha upasuaji

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nina jambo kuhusu hii operesheni ya kuongeza matiti maana inazungumzwa sana, na wengi wanaoizungumzia wanaishia kwenye picha mbili, ya kabla na ya baada, mdada anatabasamu basi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji na ninaowapokea mimi ni wale wa katikati ya hizo picha mbili, ambao hakuna anayewapiga picha.

Operesheni yenyewe wala haichukui muda, unapigwa nusu kaputi, saa moja mpaka mbili hivi kazi imeisha. Daktari anachana kwenye mkunjo chini ya titi, au pembeni ya ile duara nyeusi ya chuchu, au kwapani, anaingiza kifuko cha silikoni au cha maji ya chumvi, juu ya msuli wa kifua au chini yake, na wengi wanaruhusiwa siku hiyohiyo. Kinachowashtua ni kesho yake. Kifua kimekaza utadhani umefungwa mkanda, hasa kama kifuko kimewekwa chini ya msuli, kunyanyua mkono uchane nywele ni kazi, kujiinua kitandani ni kazi, alafu ukijiangalia kwenye kioo matiti yako juu juu, magumu, ngozi inang'aa kwa uvimbe na moja limevimba kuliko mwenzake. Hapo ndo machozi yanaanza, "nesi mbona sivyo nilivyotaka". Tunamwambia subiri dada, itachukua wiki kadhaa na wengine miezi ndo yanashuka na kulainika, umbo la wiki ya kwanza sio la mwisho. Sasa haya mtu alitakiwa ayasikie kabla hajasaini fomu, sio akiwa na bandeji kifuani.

Kazi ya kukaa mezani unaweza kurudi baada ya wiki moja hivi, ila kubeba mizigo, kunyanyua mtoto na mazoezi ya nguvu ni wiki 4 mpaka 6, daktari wako ndo ataamua. Unavaa sidiria ya kubana anayokupa yeye, sio ile ya lesi uliyokuwa umeshanunua. Anayevuta sigara aache wiki kadhaa kabla na baada, kidonda cha mvutaji kinapona vibaya sana. Chuchu zinaweza kupoteza hisia au zikawa kali hata nguo ikigusa unaruka, kwa wengi inarudi sawa, kwa wengine hairudi. Kunyonyesha wengi wanaweza ila sio wote, kwa hiyo anayetegemea kuzaa baadaye alitaje mapema maana hata mahali pa kuchana panahusika. Na kama tatizo lako ni matiti kulala, kifuko peke yake hakinyanyui, ile ni operesheni nyingine.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni hiki, vile vifuko sio vya maisha. Mtu anafanyiwa akiwa na miaka 25 anaamini amemaliza, kumbe huko mbele ana uwezekano mkubwa wa kurudi tena mezani, kutoa au kubadilisha. Kuna wakati kovu ambalo mwili unalijenga kuzunguka kifuko linakaza mpaka titi linakuwa gumu, linapinda na kuuma. Kifuko cha maji kikipasuka utajua tu, titi linasinyaa na yale maji yanafyonzwa na mwili, ila cha silikoni kinaweza kupasuka kimya kimya usihisi chochote, ndo maana mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri wenye silikoni wapimwe kwa ultrasaundi au MRI miaka 5 au 6 baada ya operesheni, alafu kila baada ya miaka 2 au 3. Nani anaiweka hiyo kwenye bajeti? Watu wanajichanga kwa ajili ya siku ya kwanza tu.

Na muulize daktari unawekewa kifuko gani, cha kampuni ipi. Mwaka 2010 iligundulika kampuni ya Ufaransa inaitwa PIP ilikuwa inajaza silikoni ya viwandani, sio ya hospitali, na wanawake wengi wa nchi mbalimbali walikuwa wameshawekewa. 2019 Allergan nao waliviondoa sokoni vifuko vyao vya Biocell, vile vyenye ngozi ya kukwaruza, kwa kuhusishwa na saratani ya limfu inayotokea kuzunguka kifuko. Ni nadra jamani, sitaki kutisha mtu, ila titi likivimba ghafla miaka mingi baadaye usikandekande nyumbani, nenda hospitali. Na ile kadi yenye namba ya kifuko unayopewa baada ya operesheni itunze, wengi wanaitupa na karatasi za dawa, siku kampuni ikitangaza tatizo hujui hata uko kundi gani.

Sipingi mtu kufanya, nimeona waliofanya na wakafurahi kweli. Ninachoomba Mhariri, mkimhoji tena daktari kuhusu jambo hili mwulizeni na hili, mteja wake akitaka kuvitoa baada ya miaka 10 anafanyaje, na titi linabaki vipi.

Muuguzi, wodi ya upasuaji