Kimo cha meza

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, kwamba umeanza kazi ya saidia fundi na bado hawajakupandisha juu, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia.

Kisigino changu hiki kinachonifanya niteremke ngazi kwa ubavu hakikuvunjikia ghorofani. Nilikuwa napiga plasta juu ya mlango, nimesimama kwenye mbao mbili zilizolazwa juu ya mapipa. Haikuzidi mita moja na robo. Nikarudi hatua moja nyuma niitazame kazi yangu, maana ilikuwa imenyooka kweli. Nyuma hapakuwa na mbao. Wenzangu walicheka, hata mimi nilicheka, mpaka nilipotaka kusimama.

Kutoka kimo hicho unafika chini kwa nusu sekunde, kwa mwendo wa karibu kilomita 18 kwa saa. Huwahi hata kugeuka. Unatanguliza mkono, kiwiko au kifundo kinavunjika. Usipotanguliza mkono, kichwa kinapokelewa na zege. Na usije ukadhani mkanda wa usalama utakuokoa hapo: utagonga sakafu kabla kamba haijakaza. Dai jukwaa la kweli, lenye mbao zilizofungwa na reli pembeni. Wakikuita mwoga, itika.

Ngazi ya kuegemeza, ukipanda mita 4, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Usishuke umebeba ndoo. Wengi huanguka kwenye kidato cha mwisho, wakidhani wameshafika chini.

Lakini linaloninyima usingizi ni kichwa. Mwenzetu mmoja alidondoka kutoka ngazi ya kukunja, kidato cha tatu tu, akajipangusa vumbi akaendelea kuchanganya zege. Jioni alianza kutapika na kuongea maneno yasiyoeleweka. Kumbe damu ilikuwa inavuja taratibu ndani ya fuvu. Wangemwacha alale, tungemzika. Ukijigonga kichwa, hata kama umeinuka mwenyewe, mwambie msimamizi palepale, uende ukapimwe, na usiku huo usilale peke yako.

Vile viatu vyangu vya kazi ulivyoniomba sikupi. Soli imelika, inateleza kama sabuni. Nunua vipya, nitachangia nusu.

Baba yako