Mkataba uliosainiwa si kiolezo

Kazi yetu ni kuzisaidia ofisi za mawakili kutunza maarifa yao na kutengeneza violezo, yaani nakala za kuanzia kuandikia mikataba. Tukiingia kwenye ofisi kwa mara ya kwanza, huomba tuonyeshwe mkataba mpya unavyoandikwa. Karibu kila mahali ni vilevile: wakili anatafuta kwenye kompyuta, anakuta mikataba 40 inayofanana, anachukua wa karibuni, anabadilisha majina na tarehe. Hatumlaumu. Mteja anasubiri.

Lakini mkataba uliokwisha kusainiwa umetokana na mabishano. Kwenye kifungu cha ukomo wa dhima, yaani kinachoweka kikomo cha fidia ambayo upande mmoja unaweza kudaiwa, huenda mteja wa kwanza alilegeza msimamo kwa sababu upande wa pili ulimwongezea bei. Sababu hiyo haimo mkatabani. Imebaki kwenye barua pepe na kichwani mwa wakili aliyesimamia shughuli. Anayenakili anaubeba ulegevu ule na kumpa mteja wa pili, ambaye hakupata chochote badala yake, naye anaanza mazungumzo akiwa ameshashuka. Mara nyingine jina la mteja wa kwanza hubaki ndani ya kifungu fulani, au kwenye taarifa zilizojificha za faili. Hapo siri ya mteja imevuja.

Kwa hiyo tunakaa na wakili mzoefu, kifungu kwa kifungu. Hiki kiliingiaje? Ukibanwa, unakubali kushuka hadi wapi? Majibu yake tunayaandika pembeni ya kifungu. Kwetu sisi, maelezo hayo yana thamani kuliko kiolezo chenyewe, kwani maneno ya mkataba yanapatikana popote, ila sababu zake wanazo watu wachache, nao hustaafu au huhamia ofisi nyingine. Tunajua saa za wakili mwandamizi ni ghali. Tunaziomba hata hivyo.

Kila kiolezo hupewa msimamizi, mtu mwenye jina lake na si idara, pamoja na tarehe ya kupitiwa upya. Tarehe ikipita bila kuguswa, tunakiondoa.

Tukiombwa tumfungulie kila mtu kila jalada ili maarifa yazunguke, tunakataa. Pale timu zimetenganishwa kwa sababu ya mgongano wa maslahi, utafutaji wa hati nao lazima utenganishwe. Kichwa tu cha hati kinaweza kufichua kwamba kampuni fulani inauzwa.

Siku hizi tunaulizwa pia kama akili mnemba haitamaliza kazi hii. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha maamuzi ya kesi ambayo ChatGPT iliyabuni. Ukiiunganisha programu ya namna hiyo na hati zako mwenyewe, huenda ikapunguza kubuni, lakini itachota kwenye mikataba ileile 40, bila kujua upi ulilegezwa na kwa nini.

Ukitaka tuanze, usituletee kabati zima. Chagua aina moja ya mkataba mnayoiandika mara nyingi, na ututajie wakili anayeijua kuliko wengine. Tutaanza na huyo.