Mama, bamvua la huku na la huko ni moja

Bristol, Uingereza
Jumapili usiku

Kwa Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku sote wazima, alhamdulillahi. Hofu ni juu yenu, na zaidi juu ya goti la Baba. Yule bwana anayekuja Pemba wiki ijayo nimempa dawa ya kuchua pamoja na barua hii.

Mama, simu ya Ijumaa iliishia pabaya na tangu siku hiyo sijalala vizuri. Uliniambia, "Mimi sikukutoa skuli hata siku moja, hata msimu wa karafuu, watoto wa wenzangu wote wakiwa juu ya miti. Leo wewe unawatoa wanao kwa hiari yako?" Kisha ukampa Kaka simu. Nilikaa jikoni na simu mkononi kama mtoto aliyechapwa. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu mimi hulia na wewe hukasirika, na jambo lenyewe hatulizungumzi.

Najua skuli ni nini kwako. Umenisimulia mara nyingi: Babu hakuweza kuwalipia ada watoto wake wote, na ilipotangazwa Septemba 1964 kwamba elimu ni bure ndipo ulipopelekwa, ukakaa darasani na watoto wadogo kuliko wewe na hukuona haya. Mtu aliyeipata skuli kwa namna hiyo hawezi kuona imeachwa akanyamaza. Ningekuwa wewe ningekasirika vilevile.

Lakini hukumwona mumeo mdogo, huyu mjukuu wako wa kiume, mwaka jana. Kila Jumapili baada ya Magharibi alikuwa akishika tumbo. Tulimpeleka kwa daktari, hana ugonjwa. Mtoto unayemjua wewe, aliyekuwa akimfuata Baba pwani na kumuuliza maswali mpaka mzee anaomba amani, alikuwa anarudi nyumbani hasemi. Darasani walikuwa thelathini na mwalimu mmoja. Mwalimu alikuwa mtu mwema, simlaumu. Aliniambia tu kwamba mtoto "anatazama dirishani mno". Nilimuuliza mwanangu anatazama nini. Akasema kuna ndege anajenga kiota chini ya paa, na anataka kujua atamaliza lini, lakini kila akitazama anaambiwa ageuke. Usiku ule mimi na baba yao tukazungumza mpaka saa nane.

Sheria ya huku inaruhusu mzazi kuwasomesha watoto nyumbani, na hili naomba umweleze na Kaka, maana ameniuliza kama tutafungwa. Sheria ya elimu ya England ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anapata elimu inayolingana na umri na uwezo wake, ama kwa kwenda skuli ama kwa njia nyingine. Kwa skuli ya kawaida kama yao, unamwandikia mwalimu mkuu barua, jina linatolewa kwenye rejista na manispaa inaarifiwa. Ofisa wa manispaa alikuja, akaketi mezani petu, akafungua madaftari yao moja moja, akanywa chai ya tangawizi, akaenda zake. Ujerumani, jirani tu hapa, jambo hili limekatazwa. Kwa hiyo si kwamba tumejificha, Mama. Tumefuata mlango.

Sasa nikueleze wanasoma nini.

Mwanzo nilikosea. Nilinunua vitabu vya mazoezi, nikawaketisha saa tatu asubuhi, nikasimama mbele yao kama mwalimu wetu wa hesabu. Wiki ya pili sote watatu tulikuwa tunalia. Somo yako, binti yangu mwenye jina lako, alinitazama na macho yake makubwa yale akasema, "Mama, hii ni skuli tu, ila mwalimu ana hasira zaidi." Niliviweka vitabu kabatini. Siku hiyo nilikuwa napika wali, nikampa kopo anipimie mchele, nikamwambia bila kufikiri, "Nitie vibaba viwili." Akauliza kibaba ni nini.

Mama, hesabu ya mafungu niliyoshindwa kumfundisha kwa siku kumi ilimwingia mchana ule. Tulichagua kopo moja likawa kibaba. Vibaba viwili, kisaga. Vibaba vinne, pishi. Alimimina mchele kutoka chombo kimoja kwenda kingine, nusu ukamwagika chini, na mimi nilijizuia nisimkaripie. Akasimama kimya kidogo. Kisha akasema kisaga ni nusu ya pishi na kibaba ni robo, akachukua kikombe kidogo, akakijaza mara mbili ndani ya kopo, akaniuliza, "Na hii nusu kibaba inaitwaje kwa pishi?" Nikamwambia thumuni. Akaenda kuliandika mlangoni kwa chaki. Bado liko pale, THUMUNI, na herufi ya N imegeuka.

Tangu hapo nimeacha kutafuta mbali. Vitu ulivyonifundisha wewe bila kuviita somo, ndivyo ninavyowafundishia.

Ule mfuko wa karafuu ulioniletea kwa mkono wa shangazi tuliumwaga juu ya sinia jeupe. Nikawapa kioo cha kukuzia. Somo yako alichukua moja akaitazama muda mrefu, akaona vile vimeno vinne na kichwa cha duara katikati. Akakibandua kichwa kwa ukucha. Ndani mna vinyuzi vilivyojikunja. Akapiga kelele: "Mama, hili ni ua! Ua limelala!" Miaka yote niliyochambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, barazani kwetu, mimi mtoto wa Pemba, sikuwahi kulifungua tumba la karafuu nikaangalia ndani. Nikamweleza kwamba huchumwa kabla halijafunguka, kwani likichanua thamani imekwenda, na kwamba kilo tatu mbichi zikianikwa hutoa kama kilo moja tu. Kaka yake akataka kujua kwa nini karafuu nyingi ziko Pemba na si Unguja. Hapo ikaja historia. Mikarafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya mbali vya mashariki, ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na kile kimbunga cha Aprili 1872 kikang'oa mikarafuu mingi sana ya Unguja, Pemba ikasalimika. Alichora visiwa viwili na upepo unaozunguka, na akaitia Unguja miti iliyolala chini. Nimeipiga picha, Kaka atakuonyesha.

Wako na wenzao, usihofu. Kila Jumatano tunakutana na familia nyingine tisa au kumi kwenye msitu mdogo nje ya mji, wanachonga vijiti, wanawasha moto, wanapanda. Akina mama wale humtaja sana mwalimu mmoja Mwingereza, Charlotte Mason, aliyefariki 1923. Yeye alitaka watoto wakae nje kwa muda wa saa nne mpaka sita kila siku yenye hali ya hewa nzuri, masomo ya wadogo yawe mafupi, na kila mtoto awe na daftari la kuchora alichokiona kwa macho yake. Waliponieleza nilikukumbuka wewe ukitufukuza ndani: "Tokeni, nyumba haina kitu, dunia iko nje." Hukuwa umesoma habari za bibi yule.

Kwenye daftari la somo yako ukurasa wa kwanza ni popo. Popo wa huku ni vidogo, Mama, huwezi kuamini. Aina moja inayoonekana sana ina uzito wa gramu 5 hivi, sawasawa na sarafu ya peni 20. Alikaa na sarafu ile kiganjani, amefumba macho, anapima. Vinakula wadudu tu, na baridi ikija vinalala mpaka joto lirudi. Upande wa pili amechora popo wa kwetu, wale wa msitu wa Kidike, mabawa yamejaa ukurasa mzima mpaka yakatokeza nje, kwa sababu nilimwambia mabawa yakikunjuliwa hufika mita moja na nusu na zaidi. Chini ameandika: "Anakula maembe. Anaishi Pemba tu, dunia nzima hayupo kwengine." Anawaambia hivyo watoto wote wa msituni, kwa fahari kama kwamba popo ni wake. Nimemweleza pia kwamba waliwahi kupungua sana kwa kuwindwa na kwa miti kukatwa, na kwamba watu wa vijiji ndio waliowalinda. Hilo la mwisho amelipigia mstari.

Kwa mumeo mdogo ni bahari. Mji huu una mto unaojaa na kupwa na bahari. Kwetu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda kama mita 4. Huku, mdomoni mwa mto huu, yanapanda zaidi ya mita 12, Mama, ni miongoni mwa maji makubwa kabisa duniani. Asubuhi unaona tope tupu, jeusi, linang'aa, na mchana mto umejaa ukingo kwa ukingo. Tulipoanza kusomea nyumbani alichukua daftari, kila siku anaandika mwezi umekuwaje na maji yamefika jiwe gani pale chini ya daraja. Miezi minne hakukosa, hata siku za mvua, na mimi nasimama nyuma yake na mwavuli nikiomba amalize.

Unakumbuka ule usiku aliompigia Baba? Alimuuliza kwenu maji yakoje. Baba akasema leo bamvua, asubuhi wanawake wote wako mwambani wanatafuta pweza na chaza. Mtoto alitazama daftari lake, akaruka: na huku bamvua! Siku ile ile. Kisha akagundua tofauti. Baba alisema kwenu maji ya bamvua hupwa kama saa nne asubuhi, na huku ndiyo kwanza yametoka kujaa saa moja, saa mbili. Siku moja, saa mbalimbali. Amechora duara la dunia na mwezi, Pemba na Bristol, na kila anayekuja nyumbani lazima aelezwe kabla hajapewa chai. Yule mtoto asiyesema, Mama.

Sikufichi mazito. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee usiku wa Ijumaa na Jumamosi, baba yao anaendesha gari mchana, na kuna siku nimechoka mpaka kisomo kinakuwa ni wao kusoma vitabu kitandani na mimi nimelala pembeni. Majira ya baridi jua linazama saa kumi jioni na watoto wanagombana. Hati ya somo yako ni mbaya. Na mitihani ya miaka 16 wataifanya kama watahiniwa wa kujitegemea, ada tulipe wenyewe, nimeshaanza kuweka akiba. Wakitaka kurudi skuli kabla ya hapo, watarudi. Nimewaambia. Chuo cha Qurani hawakuacha, Jumamosi na Jumapili wanakwenda kama kawaida, na kaka mtu yuko juzuu ya ishirini na nane. Na Kiswahili chao sasa utakifurahia, kwa kuwa mchana kutwa wako nami.

Kwa hiyo sikuombi ukubali leo. Nakuomba unisaidie, kwa sababu mengine siyawezi. Kusuka ukili wa mkeka nimesahau. Nimejaribu kumfundisha somo yako kwa vipande vya kanga kuukuu, tumefika mshono wa pili kitanga kinajikunja kama bakuli. Naomba Kaka akurekodi kwa simu mikono yako tu, polepole, tangu kuanza mpaka kushona, na ukipata mtu anayesafiri nitumie ukindu kidogo wa kusukia, uliotiwa rangi. Na vitendawili vya Bibi, vyote unavyovikumbuka. Mimi nimebaki na vinne.

Msimu wa karafuu ukikaribia nijulishe mapema. Sasa hatufungwi na likizo za skuli, tiketi za nje ya likizo ni nafuu, na nataka waje wakae nanyi miezi miwili. Wapande mkarafuu na Kaka, waanike, wachambue makonyo pale barazani. Na waingie ngalawani na Baba kama goti litamruhusu.

La mwisho ni la Baba, nalo ni la mjukuu wake, ameniamrisha niliandike kama alivyolisema. Daftari lake linaonyesha kwamba maji makubwa kabisa hayaji siku ile mwezi unapotimia. Huja siku moja au mbili baadaye, kila mwezi. Anauliza kama Babu alipokuwa akienda dago, kambi ya wavuvi, aliliona hilo na kwenu pia, na kama wavuvi wana jina la siku hizo. Amesema asijibu kwa simu. Aandike.

Wasalaam,
Mwanao